Kwa vijana mnaotia saini oda

Wanangu,

Barua hii ni yenu ninyi mlio idara za ununuzi kwenye kampuni zinazoagiza bidhaa kutoka nchi za mbali: maafisa ununuzi, wasimamizi wa mnyororo wa ugavi, na yule kijana anayekesha na kikokotoo akipanga bei ya kuanzia kabla mzabuni hajafungua kinywa. Wenzenu wa uhusiano wa umma wana semina zao, tuzo zao, na ripoti zao zenye picha za watoto wanaopokea madaftari. Ninyi hamna anayewaandikia. Naona mmepunjwa, kwa sababu anayetaka kujua kampuni ina maadili gani asihangaike na ofisi inayotoa misaada. Aende kwenye ofisi inayotoa oda.

Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi. Nimestaafu, pensheni yangu imeshahesabiwa, na sina bosi wa kumwogopa.

Kwanza niseme kwamba sina ugomvi na msaada. Mwenye kiu haulizi kisima kimechimbwa na nani, nami sitamwambia asinywe. Ninachokataa ni ule mtindo wa kuanika misaada na kuiita uwajibikaji kwa jamii, huku mahali faida ilipotoka pakiachwa gizani. Kampuni ikitoa asilimia moja ya faida yake kujenga shule, bado haijatueleza zile tisini na tisa zilipatikanaje. Enron, kampuni ya nishati ya Houston, ilitoa kitabu cha maadili chenye kurasa 64 mwaka 2000, dibaji ikiwa na jina la mwenyekiti wake, Kenneth Lay. Desemba 2001 kampuni hiyo ikaomba kinga ya kufilisika, na hesabu zake zikagundulika kuwa za kupikwa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nikiona kampuni inatumia fedha nyingi kuutangaza msaada kuliko kuutoa, huwa navaa miwani.

Sasa tuingie kwenye oda yenyewe.

Chukueni shati la kawaida. Bei unayomlipa mwenye kiwanda inabeba kitambaa, uzi, vifungo, umeme, kodi ya jengo na mishahara. Pamba ina bei ya soko la dunia, haibembelezeki. Umeme nao una bei yake, na wa vifungo naye ana yake. Unapomwambia, "Shusha senti kumi, la sivyo nahamia nchi jirani," naye akakubali baada ya siku mbili, senti hizo amezitoa wapi? Amezitoa kwa kile pekee kinachoweza kubanwa bila soko kusikia, yaani mtu: saa zake, posho yake, feni iliyokufa isiyotengenezwa, mlango wa dharura uliogeuzwa stoo.

Tena hapo hujamaliza naye. Oda imesainiwa, kitambaa kimekatwa, halafu Jumanne jioni unatuma ujumbe: rangi ya kola ibadilike, idadi iongezeke kwa robo, tarehe ya meli ibaki ileile. Kwako ni mistari mitatu, umeituma na kwenda zako nyumbani. Kwake ni kitambaa kipya cha kuagiza na siku kumi zilizopotea, na mkataba unasema mzigo ukichelewa utasafirishwa kwa ndege kwa gharama yake. Basi atawakesha mafundi mpaka alfajiri, au atachukua sehemu ya kazi aipeleke kwenye karakana ya uchochoroni ambayo haimo kwenye orodha yako na hakuna mkaguzi aliyewahi kuikanyaga. Mara nyingi hufanya yote mawili. Mzigo unafika salama, bosi wako anafurahi, nawe unamlipa mwenye kiwanda baada ya siku 90. Katika siku hizo 90 yeye ndiye benki yako. Amekukopesha mashati, na ili alipe mishahara ya mwezi amekwenda naye kukopa kwa riba.

Miezi michache baadaye kampuni yako hiyohiyo inamtumia mkaguzi mwenye fomu. Je, wafanyakazi wanazidisha saa? Mwenye kiwanda anafungua kabati na kutoa daftari la mahudhurio safi kabisa: kila mtu kaingia saa mbili, katoka saa kumi na moja, mwandiko mmoja, wino mmoja, mwezi mzima. Madaftari ya namna hiyo nimeyashika kwa mikono yangu. Kurasa zake hata hazijakunjamana, ilhali daftari linalotumika kweli kiwandani huwa na mafuta ya mashine na alama za vidole. Hilo la kweli nalo lipo, limefungiwa chumba kingine, kwa maana ndilo linalolipia mishahara. Sisi tukaandika kwenye ripoti kwamba yule bwana ni mwongo, na mwongo ni kweli. Lakini tulimletea matakwa mawili yasiyokaa chungu kimoja, moja kutoka idara ya ununuzi na jingine kutoka idara ya maadili, naye akampa kila aliyetaka kile alichotaka.

Jina la Rana Plaza mmelisikia, ila naona vijana wengi wanalijua kama jina tu. Lilikuwa jengo la ghorofa nane huko Savar, nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh, na ghorofa zake za juu zilijengwa bila kibali. Tarehe 23 Aprili 2013 nguzo zake zilionekana zina nyufa. Benki na maduka ya chini wakafunga. Kesho yake asubuhi mafundi wa viwanda vya nguo vya ghorofa za juu walisita nje, wakaamriwa kuingia, wengine wakitishiwa kunyimwa mshahara. Umeme ulikatika, majenereta yakawashwa, jengo likashuka lote. Walikufa watu zaidi ya 1,100, na wengine wapatao 2,500 wakajeruhiwa.

Nyufa zilikuwa zilezile kwa karani wa benki na kwa fundi cherehani. Benki ikifunga siku moja, wateja watarudi kesho. Kiwanda kina tarehe ya meli, na nyuma ya tarehe hiyo kuna mtu kama wewe, ofisini kwake, bara jingine kabisa, ambaye hajawahi kulisikia jengo hilo. Simwondolei mwenye jengo lawama yake, wala mameneja walioamuru watu waingie. Nasema tu kwamba haraka ile haikuzaliwa Savar.

Mtauliza wakaguzi walikuwa wapi. Viwanda kadhaa vya humo vilikuwa vimekaguliwa, ila fomu hazikuuliza habari za nguzo na zege. Na tarehe 11 Septemba 2012, miezi saba kabla, kiwanda cha Ali Enterprises huko Karachi, Pakistan, kilikuwa kimeungua na kuua watu zaidi ya 250, madirisha yakiwa na nondo na milango ya kutokea imefungwa. Wiki chache kabla ya moto huo kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha mazingira mema ya kazi. Cheti safi, chenye muhuri.

Baada ya Rana Plaza kikatokea kitu ambacho natamani kila mmoja wenu akisome kwa makini kuliko ripoti zote za uwajibikaji. Mei 2013 kampuni za nguo na vyama vya wafanyakazi vilisaini mkataba wa usalama wa moto na majengo kwa viwanda vya Bangladesh. Mwishowe kampuni zaidi ya 200 ziliingia, na viwanda zaidi ya 1,600 vikahusika. Haukuwa tamko la nia njema. Ulikuwa mkataba wenye nguvu ya sheria. Matokeo ya ukaguzi yalitangazwa hadharani, kiwanda kwa kiwanda, ili mfanyakazi na mnunuzi wasome jambo moja. Wanunuzi nao walibanwa: bei na masharti wanayokubaliana yamwezeshe mwenye kiwanda kugharamia matengenezo. Vyama vya wafanyakazi viliwahi kuzipeleka kampuni mbili mbele ya wasuluhishi huko The Hague, Uholanzi, na mashauri hayo yakaisha kwa makubaliano. Kwa mara moja bei na usalama vilikaa kwenye karatasi moja, na anayekiuka akawa na wa kumshtaki.

Najua mtakalonijibu, kwa sababu nililisikia kila kikao cha bajeti: mzee, kazi ya biashara ni faida. Wenye kusema hivyo humtaja Milton Friedman, mchumi wa Marekani, na makala yake ya mwaka 1970. Basi waisome mpaka mwisho. Alisema biashara itafute faida ikiwa ndani ya kanuni za mchezo, yaani kwa ushindani wa wazi usio na hila wala udanganyifu. Mimi sikubaliani naye katika mengi, lakini hata kwa kipimo chake, daftari la mahudhurio la uongo ambalo mnunuzi analijua na kulinyamazia halipiti.

Na kanuni zenyewe za mchezo zimebadilika. Mwaka 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliridhia miongozo ya biashara na haki za binadamu iliyoandaliwa na John Ruggie, mjumbe maalumu wa Umoja huo: serikali ilinde, kampuni iheshimu, aliyeumizwa apate pa kudai haki. Ufaransa ikatunga sheria mwaka 2017 inayozitaka kampuni kubwa zichunguze madhara kwenye mnyororo wao wa ugavi. Ya Ujerumani ilianza kutumika 2023. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo lake 2024, na wino haujakauka vizuri wakaanza kuvutana namna ya kulipunguza makali. Msingojee ugomvi wao uishe.

Ila kuna ujanja mmoja uliozaliwa na sheria hizi, na mtaambiwa muufanye ninyi. Mwanasheria wa kampuni ataandaa waraka wa kurasa arobaini unaomwapisha mzabuni kwamba hana mtoto kiwandani, hana ovataimu haramu, na kwamba lolote likitokea ni juu yake peke yake. Mzabuni atasaini bila kusoma, maana anataka oda. Bei haikupanda hata senti, wala tarehe haikusogea. Huko ni kumtupia mzigo aliye chini yako ili siku ya mahakama uwe na karatasi ya kuinua. Ukiletewa waraka kama huo, uliza mahali palipoandikwa wajibu wa mnunuzi. Kama hapapo, urudishe.

Ujanja wa pili ni kukimbia. Habari mbaya ikitoka gazetini, kampuni inavunja mkataba siku hiyohiyo na kujitangaza kuwa imenawa mikono. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mswada uliopelekwa kwenye Bunge la Marekani kuzuia bidhaa zilizotengenezwa na watoto uliwatia hofu wenye viwanda wa Bangladesh, nao wakawafukuza watoto kwa maelfu hata kabla mswada haujapita. Wala haukuwahi kupita. UNICEF ilipofuatilia ikakuta wapo walioishia kwenye kazi mbaya zaidi, hadi kuponda mawe na ukahaba. Mwaka 1995 ndipo chama cha wenye viwanda, UNICEF na Shirika la Kazi Duniani walipokubaliana njia yenye akili: mtoto atolewe kiwandani, aingizwe darasani, na alipwe posho ili nyumbani kwao pasilale njaa. Ukimkuta mtoto kwenye mashine, ondoka naye kichwani kama jambo lako la kushughulikia. Ukivunja mkataba tu, umeondoa jina la kampuni yako kwenye habari, naye mtoto umemwacha palepale au pabaya zaidi.

Kuhusu rushwa sitarefusha, mnajua. Marekani iliharamisha rushwa kwa maofisa wa nchi za nje mwaka 1977, ilhali Ujerumani iliendelea kuiruhusu ikatwe kwenye hesabu za kodi kama gharama ya biashara mpaka 1999. Mwaka 2008 Siemens, kampuni ya uhandisi ya Ujerumani, ikakubali kulipa takriban dola bilioni 1.6 kwa mamlaka za nchi hizo mbili. Mlango wake siku hizi ni kamisheni ya wakala. Wakala anayelipwa pesa nyingi kwa kazi usiyoweza kuieleza kwa sentensi moja, mkatae.

Nimalizie na jambo la mfukoni, ambalo wazee wenzangu huona haya kulitaja. Bonasi yako inahesabiwaje? Kama kipimo ni punguzo ulilolipata peke yake, basi kampuni imekulipa ubane watu, hata kama ukutani mmebandika maadili kwa herufi za dhahabu. Hilo huwezi kulibadilisha Desemba wakati hundi zinaandikwa. Liseme wakati wa bajeti, ukiwa na wenzako wawili watatu, kwa maandishi: tupimwe pia kwa idadi ya oda tulizozibadilisha baada ya kusaini, kwa siku tunazochelewa kulipa, na kwa muda tunaodumu na mzabuni mmoja. Takwimu zote tatu zimo tayari kwenye mfumo wenu wa kompyuta. Mkikataliwa, ombeni jibu nalo liwe kwa maandishi, na nakala mbaki nayo.

Ni mimi mzee wenu,
mnunuzi mstaafu