Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Ushindani: Mpiga picha si kiwanda cha saruji

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Salaam kutoka Arusha. Mimi ni mpiga picha na video wa kujitegemea. Wateja wangu wakubwa ni hoteli na kampuni za utalii: leo tembo wa Tarangire, kesho vitanda vilivyotandikwa na mpishi akitabasamu. Sina mwajiri wala mshahara. Nina kamera, TIN na simu.

Kilichonisukuma kuandika ni mkataba. Kampuni moja ya hapa mjini ilitupa wapiga picha kadhaa karatasi ileile: picha zote ziwe mali yao milele, hata zile ambazo hazijahaririwa, malipo siku 90 baada ya kukabidhi kazi, mafuta na kiingilio cha hifadhi juu yako. Nilipoomba siku zipunguzwe, nikajibiwa kwa ujumbe mfupi: "Mwenzako ameshasaini." Nilipokutana na huyo mwenzangu, kumbe naye aliambiwa hivyohivyo kuhusu mimi. Hakuna aliyekuwa amesaini.

Tukakaa, tukataka tukubaliane kima cha chini cha malipo ya siku na masharti tutakayoyakataa sote. Wakili tuliyemwendea akatuonya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei, na inakataza pia kumsusia mteja kwa pamoja. Mbele ya sheria hiyo, mimi na mwenzangu tunaweza kuhesabiwa washindani sawasawa na viwanda viwili vya saruji.

Sheria yenyewe siipingi. Wenye viwanda wakipanga bei chini kwa chini, ninayeumia ni mimi ninayejenga vyumba viwili kule Muriet. Lakini mhudumu wa hoteli ninayempiga picha analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: ana haki ya kujiunga na chama na kujadiliana na mwajiri kwa pamoja. Mimi niliyeshika kamera mbele yake, ninayelipwa na bosi yuleyule, naambiwa nijitetee kivyangu. Hili linaniuma.

Ireland walipitia haya. Mwaka 2004 mamlaka yao ya ushindani ilizuia viwango vya pamoja vya malipo ya waigizaji wanaotia sauti kwenye matangazo. Mwaka 2017 Bunge lao likabadili sheria, likawaruhusu waigizaji hao, wanamuziki wa studio na waandishi wa habari wa kujitegemea kujadiliana kwa pamoja. Septemba 2022 Tume ya Ulaya nayo ikatoa mwongozo unaowapa nafasi hiyo watu wanaofanya kazi peke yao, wasio na wafanyakazi chini yao, wanapojadiliana na kampuni zenye nguvu kuwazidi.

Ninachoomba ni mwongozo wa maandishi, kwa Kiswahili, unaosema wazi nani anaruhusiwa kujadiliana na kwa mambo yapi. Sheria ikibana, basi mpelekeeni Waziri pendekezo la kuirekebisha. Mipaka iwepo: awe mtu anayefanya kazi kwa mikono yake mwenyewe, na kupanga njama kwenye zabuni kubaki marufuku. Wala siombi tupange bei za harusi. Bibi harusi hana nguvu ya kunibana.

Rasimu yetu ya masharti ina kurasa mbili na haijasainiwa. Tuko tayari kuileta ofisini kwako uisome kwanza.

Wako,
Mpiga picha wa kujitegemea, Arusha