Wapenzi wa anime, Kamakura imejaa, nendeni Oarai

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua.

Vijana wetu wanaoenda Japani kusoma au kufanya kazi, wakishapata wikendi tu wanatafuta sehemu walizoziona kwenye anime, yaani katuni za Kijapani, wakapige picha, na mi nawaunga mkono kabisa, wanaoita utoto waache waite. Barabara umeiangalia kwenye tivii tangu uko shule ya msingi, siku ukisimama pale mwenyewe lazima moyo uruke.

Tatizo wote tunarundikana sehemu moja. Kamakura, mji wa pwani karibu na Tokyo, pembeni ya stesheni ya Kamakurakokomae, kuna barabara inakatiza reli ya treni ndogo ya Enoden halafu mbele ni bahari, ndo pale panapoonekana mwanzoni mwa anime ya Slam Dunk. Anime yenyewe ni ya mwaka 1993, lakini ilipotoka filamu mpya Desemba 2022 umati ukazidi. Watu wanasimama katikati ya barabara kusubiri treni ipite wapate picha, magari yanapiga honi, wengine wanaingia mpaka kwenye viwanja vya watu, ikabidi wawekwe walinzi na mabango ya kukataza. Jamani ule ni mtaa wanaoishi watu, kuna sekondari hapohapo juu, wanafunzi wanapita kila siku. Kwakweli hiyo sio heshima kwa kitu tunachosema tunakipenda.

Sasa angalieni Oarai, mji mdogo wa wavuvi mkoa wa Ibaraki. Machi 11, 2011 lilipopiga lile tetemeko kubwa, tsunami ikafika mpaka pale, bandari ikaharibika na wageni wa kuogelea wakapotea. Oktoba 2012 ikaanza anime ya Girls und Panzer, wasichana wa shule wanaoendesha vifaru vya kivita, na vifaru vyenyewe vinapita kwenye mitaa ya Oarai iliyochorwa vilevile ilivyo, mpaka kuna hoteli ya kienyeji ambayo kifaru kimoja kinaenda kuigonga. Mashabiki wakaanza kuja na wenyeji hawakuwafukuza, wenye maduka wakasimamisha mbele ya milango yao picha za wale wasichana zenye kimo cha mtu, kila duka na mhusika wake, kwahiyo ukitaka kuwaona wote inabidi uzunguke mji mzima, unaingia kwa muuza samaki, unaingia kwa muuza keki, unasalimia, unanunua kitu. Na mwezi wa 11 wana tamasha lao la samaki anaitwa anko ambalo mashabiki wanajaa kweli. Hela inabaki kwa mama mwenye duka, hapo ndo mi napapenda zaidi.

Na sio Oarai peke yake. Hekalu la Washinomiya kule Saitama lilionekana kwenye anime ya Lucky Star mwaka 2007, mwaka mpya wa 2008 waliokwenda kuomba pale walifika kama laki 3, na mwaka uliofuata wakapita laki 4. Yuwaku, mji wa chemchemi za maji moto pale Kanazawa, ndo umenishangaza kuliko yote, maana kwenye anime ya Hanasaku Iroha walibuni sherehe ya taa ambayo haikuwepo, wenyeji wakaipenda wakaanza kuifanya kweli Oktoba 2011, watu wanaandika maombi yao kwenye vibao vya mbao na vinachomwa kwa moto siku ya sherehe.

Kwahiyo mwenye nafasi ya kwenda aende kwa watu wanaomsubiri. Kutoka Tokyo unapanda treni mpaka Mito, pale unabadili unachukua treni ya kampuni ya Kashima Rinkai, dakika kama 15 uko Oarai. Ukitaka kupiga picha nyumba ya mtu omba kwanza, na ukiingia dukani usitoke mikono mitupu.

Na gazeti lenu mkiandika tena habari za utalii wa Japani naomba muwatume waandishi waulizie hii miji midogo, Tokyo na Kyoto tumeshazisoma sana.

Mpenzi wa anime,
Tabata, Dar es Salaam