Barua kwa Mama: jina la mtoto wa Wekesa

Southampton, Septemba

Mama mpendwa,

Natumai hamjambo nyote hapo Webuye. Mimi ni mzima. Kazini wamenipandisha cheo, sasa wauguzi wote wa zamu ya usiku wako chini yangu. Mwambie Baba, atafurahi. Pesa ya mabati nimetuma kwa simu yako. Ya fundi itafuata mwisho wa mwezi.

Mama, maneno ya Baba Mdogo yamenikaa kooni. Ati mbele ya wazee alisema Hadasa, jina nililompendekezea mtoto wa Wekesa, ni la kizungu, nimelileta ili bibi yetu, Kukhu Naliaka, asahaulike. Mimi, niliyebebwa mgongoni na Kukhu! Ameniumiza sana, na ningependa aambiwe hivyo.

Hadasa limo kwenye Biblia ya Kukhu mwenyewe, Esta 2:7. Ndilo jina la Kiebrania la Esta, yule yatima aliyelelewa na Mordekai hadi akawa malkia. Linatokana na mti, mhadasi, ule Isaya anaosema utaota mahali pa mibigili. Wayahudi hushika matawi yake kwenye Sikukuu ya Vibanda. Huku Uingereza maharusi wa kifalme huweka kitawi chake katika shada la maua, tangu binti wa Malkia Victoria alipoolewa mwaka 1858. Kate, mke wa Mwanamfalme William, naye alikuwa nacho alipoolewa 2011.

Jirani yangu ana mhadasi bustanini. Majani ni madogo, yana ncha, yanang'aa hata kwenye baridi. Ukiliinua moja kwenye mwanga unaona vitone vidogo vya mafuta, na ukilifikicha, harufu inabaki mkononi. Maua ni meupe, katikati yamejaa nyuzinyuzi, sawasawa na ya mpera wetu wa nyuma ya jikoni. Na kweli ni ukoo mmoja: mpera, mkaratusi, hata mkarafuu. Siku nilipoyaona nilitamani nyumbani, Mama, nikashindwa kula.

Naliaka ni jina la mtoto aliyezaliwa msimu wa palizi. Hadasa ni jina la mti. Yote mawili yametoka shambani, ugomvi uko wapi? Mtoto aitwe yote mawili, na Kukhu atajwe kila siku.

Wekesa akienda kuchukua cheti cha kuzaliwa aandike Hadasa Naliaka, na asome herufi vizuri kabla ya kutia sahihi. Baba Mdogo nitampigia mwenyewe Jumapili baada ya kanisa.

Binti yako,
Nasimiyu