Kabla hujapanda boti ile

Mtongwe, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu, sisi huku hatujambo ila goti la mama yako, na hofu ni kwako uliye mbali. Juzi ulipopiga simu kusema umepata kazi kwenye boti ya kupima kina cha bandari, nilisema mashallah nikampa mama yako simu. Najua ulidhani sikufurahi. Nilifurahi, tena kabla ya isha wazee wote pale msikitini walikuwa wameshapata habari. Lakini usiku ule sikulala. Boti ni boti, na wewe hujui kuogelea.

Habari ya 1994 siirudii. Unaijua, na ami yako unamjua kwa picha. Ila ukumbuke jambo moja: feri ile ilizama tarehe 29 Aprili ikiwa ndiyo kwanza imeondoka hapa Mtongwe, haijafika mbali na ufuo, na watu 272 wakafa. Kwa hiyo ukiniambia "Baba, tutakuwa karibu na nchi kavu muda wote", hainitulizi. Hapo karibu ndipo walipofia.

Kilindini, hiyo bandari mtakayopima, si jina la bure, maana kilindi ni maji ya kina kirefu. Na wewe ndiye uliyenieleza kilindi chenyewe kilitoka wapi, ile likizo ya mwaka wako wa pili chuoni. Ulisema zamani bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa zaidi ya mita 100, mito ikashuka kuifuata huko ikichimba mabonde. Kisha barafu ya dunia ikayeyuka, bahari ikapanda, mabonde yakajaa maji. Na kwamba matumbawe hayapatani na maji matamu wala tope, ndiyo maana mwamba umeacha mlango wazi pale zinapoingilia meli. Mimi nilikuwa nimevua humo zaidi ya miaka 30 na sikujua kwamba ninaelea juu ya bonde la mto. Sikukusifu siku ile. Alfajiri yake nikashusha nanga, kamba ikawa inakwenda tu, inakwenda, na mimi nakuwaza wewe.

Sasa nikwambie na mimi ninayoyajua. Sisi tulipima kwa bildi, risasi iliyofungwa kwenye kamba, tukihesabu kwa pima za mikono. Chini ya risasi tulipaka mafuta mazito ili ikipanda ije na alama: mchanga, au tope, au haina kitu, maana yake ni mwamba. Ninyi mtapiga sauti chini na mashine itawajibu. Sawa. Lakini mashine inakwambia maji yana kina gani, haikwambii yanakwenda wapi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na yanapokupwa, yote yaliyoingia Port Reitz, lile hori la ndani, yanatafuta kutoka kwa mlango uleule mmoja. Mkondo wake unamchukua muogeleaji hodari. Asiyejua kuogelea je?

Watu wa kale hawakuutegemea sana upande huu wa kisiwa cha Mombasa. Majahazi ya kaskazi yaliingia ule wa pili, Bandari ya Kale, ambako chombo kilipwelewa taratibu mchangani kikakalafatiwa, kikazibwa nyufa. Wareno nao walipoanza kujenga Ngome, hiyo Fort Jesus, mwaka 1593 waliiweka kwenye mlango ule. Kilindini ikabaki zaidi na wavuvi na mikoko, mpaka reli ilipoanza 1896 na meli za chuma zikataka maji ya kina kirefu. Gati za kwanza za kina kirefu zilimalizika 1926, babu yako akiwa mtoto mchanga. Baadaye alikata boriti za mikoko huko Port Reitz akiuzia majahazi ya Arabuni, hadi ilipopigwa marufuku kuzipeleka nje mwaka 1982. Siku ile alikasirika. Leo naona ilikuwa haki, maana kamba na kaa koko tuliowavua kukusomesha walikulia kwenye mizizi ya miti ileile.

Na huko Port Reitz ndiko nakuogopea zaidi, kule ndani unakomwagikia mto Mwache. Mvua ya 1997 ilishusha udongo kutoka bara siku baada ya siku. Mchu, ule mkoko, unajua, unapumua kwa vile vijiti vyake vinavyochomoza topeni kama penseli. Udongo ukavifunika. Miti ikafa imesimama, mieupe, na mpaka leo pale mtu akishuka anazama hadi kiunoni. Sehemu niliyokuwa napita na dau nimebeba nyavu, mwaka uliofuata nilikwama. Msiiamini ramani ya zamani kwa upande ule, hata ikiwa imechapishwa vizuri namna gani. Ukishuka kwenye tope hilo maji yanapojaa, usipige miguu. Lala kifudifudi, tandaza mikono, sogea kama kaa. Na hilo nalo linataka mtu aliyeyazoea maji.

Mafuta yalipomwagika mwaka 2005 ulikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka harufu, siielezi. Nilizifua nyavu mara tatu kwa mafuta ya taa, nikaishia kuzichoma. Orodha ya fidia ilipokuja jina langu halikuwamo. Lakini mikoko michanga imeota tena sehemu nyingine, nimeiona. Kazi yako ikikupa nafasi ya kuandika kitu, andika ilipo, wasije wakamwaga juu yake mchanga watakaochimba kwenye mkondo. Hiyo ndiyo faida ninayoitaka kutokana na shahada yako, kuliko mshahara.

Mama yako anasema nakuonea, kwamba kuna jaketi za kuelea. Zipo. Vaa, funga kamba zote, usiache moja kwa sababu ya joto. Bado jifunze kuogelea. Kaka zako walijifunza wenyewe hapo ufuoni, hakuna aliyewauliza. Wewe ulizuiwa, na aliyekuzuia alikuwa bado akifumba macho anawaona wale waliotolewa majini. Bakora ile haikuwa ya kosa lako. Basi.

Chumba chako nilikipangisha tangu mwezi wa Ramadhani, nilikuwa nikisubiri wakati mzuri wa kukwambia. Kijana ni mwalimu, mstaarabu, analipa kwa wakati, na kodi yake ndiyo iliyonunua mabati ya jikoni. Vitabu vyako nimeviweka juu ya kabati letu, nimevifunika kwa turubai. Utalala na mama yako. Mimi nitalala barazani, nimeshazoea. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja dhaifu.

Jumamosi ijayo mwezi utakuwa na siku nane tangu kuandama, kwa hiyo maji yatakuwa mafu, hayana nguvu, na yatajaa karibu saa nne asubuhi. Njoo Ijumaa kwa treni. Ukishuka Miritini tafuta gari linalopita barabara ya Dongo Kundu, usizunguke mjini kuvuka feri ya Likoni jioni watu wamejaa. Lete nguo ya kuogea inayokusitiri na kanga ya kubadilisha. Mimi nitasimama majini hadi kifuani, upande wa mikoko ambako watu hawapiti, nawe utanishika mabega. Maji kama hayo yatarudi baada ya wiki mbili, na mengine wiki mbili tena. Kazi unaanza tarehe moja, siku zinatosha tukizitumia zote.

Mama yako anataka ukipita Mwembe Tayari umletee ile dawa ya kuchua ya goti, iliyo kwenye chupa ya kijani.

Ni mimi babako