Shukrani kwa uliyetusukia shada la Majilio

Wewe uliyesuka shada la Majilio la watoto, lile la mishumaa ya Jumapili nne kabla ya Krismasi, ukaondoka bila kuacha jina, sisi walimu wao tunakushukuru sana. Mishumaa mitatu ya zambarau, mmoja wa waridi kwa Jumapili ya tatu, ile ya furaha, na mweupe katikati wa Krismasi: hukukosea hata mmoja. Tena ule wa kwanza uliuchagua mrefu kuliko wenzake. Wengi husahau kwamba huo huwashwa Jumapili zote nne na wa nne mara moja tu, basi wananunua ya urefu sawa na wa kwanza unabaki kisiki. Vikombe vya bati chini ya mishumaa navyo ni busara, maana majani yakikauka hushika moto upesi.

Asante pia kwa kuwatoa mamajusi, wale wataalamu wa nyota kutoka mashariki, katika pango letu la sanamu za Krismasi. Luka 2 inataja wachungaji na hori. Mamajusi wako Mathayo 2, waliingia nyumbani, na idadi yao haikutajwa (hao watatu tumewahesabu kwa zawadi: dhahabu, uvumba na manemane). Sasa watoto wanawasogeza kidogo kidogo kutoka dirishani, wafike pangoni Januari 6, sikukuu ya Epifania inayokumbuka kufika kwao.