Swahiba, Usiikimbie Kemia

Dar es Salaam,
Jumapili usiku

Swahiba wangu,

Salaam nyingi. Mimi sijambo, na nimefurahi mno kusikia umepata nafasi ya uhandisi ujenzi. Ujumbe wako nimeusoma, na ile sehemu ya malalamiko nimeirudia: kwamba ulidhani kemia mmeagana kidato cha sita, sasa umeikuta tena kwenye orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza, na huoni mjenzi wa madaraja ana kazi gani na moli na elektroni. Sikutaka kukujibu kwa simu, maana jambo lenyewe linataka karatasi na hesabu.

Wewe ni mtoto wa Kilwa, basi tuanzie kwenu. Kuta za Husuni Kubwa, lile kasri la kale pale Kisiwani, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, na chokaa ya namna hiyo hupatikana kwa kuchoma matumbawe yenyewe. Tumbawe karibu lote ni kalsiamu kabonati, CaCO₃. Likipata moto mkali, kama nyuzi 900 za Selsiasi, linavunjika: inabaki kalsiamu oksaidi, CaO, na inatoka kabonidayoksaidi, CO₂.

Sasa shika kalamu. Uzito wa atomu: kalsiamu 40, kaboni 12, oksijeni 16. Moli moja ya CaCO₃ (moli ni kipimo cha idadi ya chembe, nitakuja nayo) ina gramu 100. Katika hizo, gramu 56 zinabaki tanurini na gramu 44 zinaondoka na hewa. Kwa hiyo mchoma chokaa aliyepanga kilo 100 za matumbawe safi juu ya kuni, hata awe hodari namna gani, hapati chokaa ya CaO zaidi ya kilo 56. Viwanda vya saruji navyo vinachoma mawe ya chokaa, na hesabu ni hiyo hiyo: kila tani ya kalsiamu kabonati inatoa kilo 440 za CO₂, kabla hujagusa moshi wa mafuta au makaa yaliyoichoma.

Endelea. Fundi anaimwagia maji ile CaO, nayo inachemka na kufuka mvuke, maana mmenyuko huo unatoa joto jingi. Gramu 56 zinakunywa gramu 18 za maji, zinakuwa gramu 74 za kalsiamu haidroksaidi, Ca(OH)₂, ile chokaa nyeupe ya kujengea. Ikishakaa ukutani inaanza kuvuta CO₂ kutoka hewani, polepole, kuanzia nje kwenda ndani, kwa miezi na miaka. Inachukua gramu 44 na kuachia gramu 18 za maji. 74 jumlisha 44, toa 18: unapata 100. Imerudi kuwa jiwe. Hesabu hii inanifurahisha kila ninapoifanya.

Na hiyo ndiyo kazi ya moli. Watu wanaikariri kama tarakimu ya kutisha, 6.022 × 10²³, wakati shughuli yake ni nyepesi: atomu hazihesabiki kwa mkono ila zinapimika kwa mizani, kama karani wa benki anavyopima mfuko wa sarafu badala ya kuzihesabu moja moja. Tangu Mei 2019 moli imefafanuliwa kwa namba kamili, 6.02214076 × 10²³, bila kutegemea tena gramu 12 za kaboni. Vitabu vingi vya maktaba bado vina maelezo ya zamani, kwa hiyo ukikuta mhadhiri anasema hivi na kitabu vile, usihangaike.

Muundo wa atomu na bondi utapita navyo bila shida, umevisoma. Kwenye gesi chunga kitu kimoja, ile R, namba isiyobadilika ya kanuni ya gesi. Ukitumia 8.314, kanieneo iwe paskali na ujazo uwe mita za ujazo, ukitumia 0.0821, tumia atmosfia na lita. Jotoridi siku zote kelvini. Andika vipimo kwenye kila mstari wa hesabu na uviache vikatane vyenyewe. Jibu la uzito likitoka na lita ndani yake, umeshaliona kosa kabla msahihishaji hajaliona.

Lakini sura ya kuipa usiku wako ni elektrokemia. Kwa maoni yangu si haki inavyoletwa wiki za mwisho za semista, watu wamechoka na wanawaza mtihani, maana kwa mtu wa ujenzi ndiyo sura yenye mshahara wake. Zege jipya lina pH (kipimo cha uasidi na ubesi) ya kama 12.5 hadi 13, yaani ni besi kali, na sehemu ya sababu ni ile ile Ca(OH)₂ iliyomo ndani yake. Katika hali hiyo nondo inavaa utando mwembamba wa oksaidi unaoizuia kupata kutu. Vitu viwili vinaubomoa utando huo. Cha kwanza ni CO₂ inayopenya zegeni na kuila Ca(OH)₂ mpaka pH inashuka chini ya 9 hivi. Yaani mmenyuko uliougeuza ukuta wa Husuni Kubwa kuwa jiwe ndio unaoiacha nondo uchi. Cha pili ni ayoni za kloridi, na hizo zinautoboa utando hata pH ikiwa juu. Chumvi ya bahari imejaa kloridi. Ndiyo maana mtu anayechanganya zege la nondo kwa mchanga wa ufukweni usiooshwa anaweka ugonjwa ndani ya nyumba siku ya kwanza.

Kutu nayo inataka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara mbili na zaidi. Zege halivutiki, linapasuka. Tembea barabara yoyote ya karibu na bahari uangalie chini ya mabaraza ya ghorofa za zamani: nyufa zilizonyooka zikifuata nondo, madoa ya kahawia, kisha kipande kimemeguka na chuma kinachungulia. Ukishasoma kwamba zinki ina volti −0.76 na chuma −0.44, na kwamba mwenye namba ya chini zaidi hutoa elektroni kwa urahisi zaidi, utajua pia kwa nini bati la chuma lililopakwa zinki likichubuka kidogo haliozi mara moja: zinki inatangulia kutoa elektroni zake, chuma kinasalimika.

Kuhusu namna ya kusoma, madesa, yaani nukuu za masomo, ya waliotangulia yatakufikia hata kabla hujapata chumba. Yapokee, ila usiyasome bila kalamu. Kaa kimbweta, yale mabenchi ya kusomea nje, na wenzako wawili watatu, kila mtu afanye swali peke yake kwanza, ndipo mlinganishe. Kemia ya mwaka wa kwanza haiingii kwa macho.

Maabara uiheshimu. Kwenye titresheni, yaani kupima besi kwa kuidondoshea asidi, bureti (ule mrija wa vipimo wa kudondoshea) isuuze kwa maji, kisha kwa asidi utakayoitia; ukiishia kwenye maji, matone yaliyobaki yataizimua asidi na usomaji utapanda. Chupa ya koni inayobeba besi kinyume chake, isuuze kwa maji tu, kwa sababu ukiisuuza kwa besi unaongeza moli ambazo pipeti haikuzipima. Ukiwa na fenolftalini, kiashiria kinachokuwa waridi kwenye besi, pale tone la asidi linapoangukia panatokea doa lisilo na rangi katikati ya waridi. Doa likianza kuchelewa kufutika, punguza mkono, tone moja moja. Soma kwa jicho lililo sawa na mstari, chini ya mbonyeo. Na uje na koti la maabara, viatu vya kufunika na kikokotozi chako mwenyewe.

Mama na wote nyumbani wasalimie sana. Ukijibu, nitumie na jibu la swali hili: una tani moja ya mawe ya chokaa, asilimia 90 ni CaCO₃ na kilichobaki ni udongo na mchanga usiobadilika kwa moto. Ukiyachoma mpaka CO₂ yote itoke, utatoa kilo ngapi tanurini, na katika hizo CaO ni kiasi gani? Usimuulize mtu.

Wako,
rafiki yako wa tangu kidato cha tano