Mjadala wa Alhamisi: Ziwa la Ganga Talao

Ndugu wanakikundi, salaam.

Alhamisi tutajadili ziwa la Ganga Talao nchini Morisi, ambalo Wahindu wa kisiwa hicho, wengi wao wakiwa wazao wa vibarua wa mkataba walioanza kuletwa kwa wingi kutoka India mwaka 1834, wamelifanya kitovu cha ibada yao. Mwaka 1972 maji ya Ganga, mto mtakatifu wa Wahindu ulioko India, yalimiminwa humo, na hivyo ziwa la volkeno likaunganishwa na mto ulio ng'ambo ya bahari. Katika Maha Shivaratri, sikukuu ya mungu Shiva, mahujaji hulifuata kwa miguu (nadhani mwendo wenyewe ndio kiini cha jambo).

Tafadhali tafakarini: aliyezaliwa Morisi huhiji ugenini au nyumbani? Mimi naelekea kusema nyumbani.